Sauti ya Kuzindukia

Chumba cha kuzindukia kilikuwa na vitanda vinne, na Mama Mashuka alikuwa ameshapigwa kwenye vyote vinne. Kwenye cha kwanza alipigwa teke la kifua na mwalimu mmoja mpole aliyetolewa mawe ya nyongo. Kwenye cha pili aling'atwa kidole na bibi asiye na meno ya mbele, na kidole kikavimba vilevile. Kwenye cha tatu mchinja nyama alimkaba koo kwa mikono miwili, akidhani ni mbuzi aliyekata kamba. Kwenye cha nne alipigwa na mtu aliyekuwa macho kabisa, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Wale wa vitanda vitatu hakuwa na kinyongo nao. Mtu anapotoka kwenye nusu kaputi, mwili hutangulia kuamka, akili ikafuata nyuma. Katikati hapo mikono na miguu haina mwenyewe. Wengine huamka kama watoto, wanauliza saa ngapi. Wengine huamka wanapigana na watu wasiokuwepo, wanang'oa dripu, wanatapika, wanataka kuruka dirishani na mshono mbichi tumboni. Kazi ya Mama Mashuka ilikuwa kubadilisha mashuka yaliyochafuka na kusaidia kushika mabega. Alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye kazi hiyo.

"Mama Mashuka, leo umevaa kofia ya chuma?" Sista, muuguzi wa chumba kile, alimuuliza kila asubuhi.

"Nimevaa sala."

"Sala haizuii teke, mama yangu."

"Inanizuia nisilirudishe."

Mwaka ule daktari wa usingizi alileta jambo jipya. Wenyewe walimwita Daktari Taratibu, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni, hata akiwa anakimbia. Alisema wenzake wa mbali wamechunguza, wameona mgonjwa akizinduka huku anasikia sauti ya mtu wake wa karibu masikioni, fujo hupungua. Naye alitaka aone kwa wagonjwa wake. Basi kabla ya upasuaji mgonjwa aliulizwa kama anakubali, na sauti ya nani irekodiwe. Bahasha ya kura ya kila mgonjwa ilifunguliwa huko ofisini, nusu ya wagonjwa wakawekewa sauti na nusu wakawekewa spika kimya, na waliokuwa kando ya kitanda hawakujua yupi ni yupi.

Mama Mashuka aliipenda sana kazi ile. Aliwasaidia ndugu koridoni, maana watu wakiwekewa simu ya kurekodia mbele ya mdomo hupotelewa na maneno. Mama mmoja alirudia mara sita. Mzee mmoja alimwita mkewe jina la mke wa kwanza, ikabidi ifutwe upesi kabla nyumba haijavunjika.

Siku yenyewe ilikuwa kabla ya adhuhuri. Kitanda cha magurudumu kikaja mbio kutoka mapokezi, na Mama Mashuka akamwona aliyelala juu yake. Alikuwa wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume. Uso ulikuwa kama majivu. Mkono wa kulia, ule wa kushonea sare za watoto wa shule, ulikuwa umefungwa kibao. Tumbo limetuna.

"Ameanguka ngazi, dada," alisema mdogo wake aliyekuwa akikimbia pembeni. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa mabega, mikono yake ina makovu madogomadogo ya cheche. "Nilikuwa nje. Nimesikia tu puu!"

Nyumba yao ilikuwa na ngazi tatu za kuingilia barazani.

Daktari wa upasuaji akabonyeza tumbo, akasema bandama limepasuka, damu inamwagikia ndani, hakuna kusubiri. Wakati wanamtayarisha, Sista akaja na karatasi yake. Mgonjwa alikuwa na fahamu, akaelezwa kwa maneno mafupi, akatikisa kichwa kukubali.

"Sauti ya nani, dada? Nani akuamshe?"

Wifi alifungua mdomo. Macho yake yalimtazama mumewe aliyesimama miguuni, kisha yakamhamia Mama Mashuka, yakakaa hapo.

"Mumewe," Mama Mashuka akajibu kwa niaba yake. "Si huyu hapa? Nani mwingine tena?"

Wifi akafumba mdomo. Akasukumwa ndani.

Koridoni, Sista aliwasha simu. Mama Mashuka akamrekebisha mdogo wake kola ya shati, kama vile simu ingeonyesha. Mama yao alipofariki kijana huyu alikuwa hajaota meno. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia, akamuogesha. "Sema vizuri," alimwambia. "Usiseme kama unamfokea mtu wa kazini."

Hakufoka. Aliinama kidogo, akasema kwa sauti laini kama anabembeleza, "Amka, mama. Fungua macho. Mimi nipo hapa. Amka."

Alisema mara moja tu, bila kukosea, kama anayesema kitu alichokizoea. Sista alistaajabu. Mama Mashuka machozi yakamlengalenga kwa fahari. Akamwomba Mungu bahasha ya wifi yake iwe ya sauti, isiwe ya kimya.

Ikawa ya sauti.

Upasuaji ulikwenda salama. Bandama likatolewa, damu ikaongezwa, tumbo likashonwa. Saa nane mchana wifi akaletwa kitanda cha nne, karibu na mlango. Daktari Taratibu akamtoa mpira wa kupumulia kooni, akasikiliza pumzi, akaridhika. Sista akamvalisha spika za masikioni, akabonyeza.

Kwa muda kukawa shwari. Kifua kinapanda, kinashuka. Halafu mashine ya mapigo ikaanza kuharakisha. Tisini. Mia na kumi. Mia na arobaini.

"Maumivu?" Sista aliuliza.

"Dawa nimempa ya kutosha," daktari alisema, akasogea.

Mama Mashuka alikuwa ameona vurugu za kila namna, lakini hii haikuanza kama zile. Wengine huanza kwa kurusha. Wifi yake alianza kwa kujikunja. Macho yakiwa yamefumbwa, alileta mkono uliofungwa kibao juu ya kichwa, akakunja magoti hadi kwenye tumbo lililoshonwa, akajifanya mdogo, mdogo kabisa, kama anayetafuta kona. Akasema kwa sauti iliyokwaruzwa na mpira:

"Nimeamka."

"Vizuri, dada, umeamka," Sista alisema, akamwinamia kumkunjua mkono.

"Nimeamka! Nimeamka! Usimwage! Nimeamka!"

Kile kibao kikamgonga Sista katikati ya pua. Mlio wake ulikuwa kama kijiti kikavu kinachokanyagwa. Damu ikajaa kwenye barakoa, ikashuka kidevuni. Wifi akang'oa dripu, damu ikaruka kwenye ukuta kama tone la rangi kutoka kwenye brashi. Stendi ikaanguka, chupa ikapasuka. Mguu wake ukampata daktari kwenye mbavu.

"Taratibu, mama, taratibu! Shikeni bega! Msishike mkono, umevunjika! Tumbo, jamani, tumbo lake!"

Mama Mashuka akamlalia kifuani kwa uzito wake wote. Wifi akazamisha kucha shingoni mwake, akavuta, na ngozi ikafuata. Nguvu ile hakuwahi kukutana nayo, hata kwa mchinja nyama. Bendeji ya tumbo ilianza kuwa nyekundu katikati, wekundu ukatambaa pembeni kama maji kwenye kapeti.

"Usinikanyage! Nimeamka, nasema! Usimwage tena, usinikanyage tena!"

Kumwaga nini? Akiwa uso kwa uso naye, Mama Mashuka alisikia kitu kinanong'ona kwenye spika. Akaichomoa moja, akaiweka sikioni mwake.

*Amka, mama. Fungua macho. Mimi nipo hapa. Amka.*

Inaisha, inaanza upya. *Amka, mama.*

Akakumbuka. Mwaka jana, asubuhi moja baada ya sala, alipita kwao akakuta kapeti la sebuleni limelowa chapachapa, ndoo imelala ubavu. "Bomba limepasuka, dada," mdogo wake alisema. "Mwenzangu amelala, kichwa kinamuuma." Mama Mashuka akapandisha gauni, akachukua tambara, akapiga deki sebule nzima huku akiimba taratibu asimwamshe mgonjwa. Maji aliyokamua yalikuwa na wekundu. Alisema ni rangi ya kapeti. Hakuinua macho kutafuta bomba. Sebule ile haikuwa na bomba.

Sasa akajua ndoo ilikuwa ya nini. Mdogo wake alimpiga mkewe hadi akazimia, kisha akammwagia maji, akamwamsha kwa sauti ile ile laini, ili aendelee.

Alizing'oa spika zote mbili, akazitupa kwenye ndoo ya taka. "Zimetoka!" alipiga kelele. "Wifi, zimetoka! Hayupo!"

Lakini alikuwepo. Alikuwa kwenye benchi hatua kumi kutoka pale, na kelele alizisikia neno kwa neno. Mlango ukafunguka kwa teke, kitasa kikagonga ukuta na kuacha shimo. Mdogo wake akaingia na viatu vyake vya kazini.

"Mnamfanyia nini mke wangu? Mnamwekea maneno gani mdomoni?"

Wifi, aliyekuwa bado hajajua yuko wapi, aliijua sauti. Akajiviringisha, akaanguka kutoka kitandani. Tumbo liligonga sakafu kwanza. Akaanza kutambaa kuingia chini ya kitanda, akiacha mchirizi wa damu kwenye vigae vyeupe ambavyo Mama Mashuka alivisugua asubuhi.

"Taratibu, bwana, hapa huruhusiwi—"

Daktari hakumaliza. Ngumi ilimwingia mdomoni, kisogo kikapiga kona ya kabati la chuma, akateleza chini akiwa ameketi, nyusi imepasuka, macho yamefunguka hayaoni kitu. Sista, pua yake mkononi, alikuwa akibonyeza kengele ya walinzi bila kuachia.

Fundi akapiga goti kando ya kitanda. Akaingiza mkono chini, akashika kifundo cha mguu. Akasema kwa upole uleule:

"Amka, mama. Toka huko. Mimi nipo hapa."

Kwenye mtungi wa oksijeni kulikuwa na spana, ile nzito ya kufungulia valvu. Mama Mashuka hakumbuki kuichukua. Anakumbuka uzito wake, na baridi yake, na jinsi alivyomwita Mungu kwa jina moja tu. Akaishusha kwenye kiwiko cha mkono ulioshika mguu. Mfupa ukalia.

Fundi akaachia. Akageuza uso, na kwa kitambo kidogo ulikuwa uso wa yule mtoto ambaye yeye alimlisha uji.

"Dada?"

Kisha akainuka, akampiga kwa mkono mzima. Alimpiga tumboni, akampiga tena alipoinama, akamkanyaga ubavu alipokuwa chini. Kiatu kilikuwa na chuma mbele. Mama Mashuka alisikia mbavu zikikatika, moja, halafu nyingine, na ndani ya maumivu yale akasema moyoni: kumbe ndivyo. Mtu aliye macho. Hakuna dawa mwilini mwake, hakuna ndoto. Anachagua pa kukanyaga.

Alipoinua mguu mara ya tatu, Mama Mashuka aliirusha spana kwa mikono miwili kwenye goti lililobaki limesimama. Likakunjika upande lisikokunjikia. Fundi akaanguka akilia, na walinzi watatu wakamkuta hapo.

"Dada, waambie!" alipiga kelele wakimburuta. "Waambie alianguka! Dada!"

Mama Mashuka alikuwa amelala shavu kwenye damu ya wifi yake. Walitazamana chini ya kitanda. Wifi alikuwa ameacha kupiga kelele. Alikuwa macho sasa, macho kabisa, na damu inamtoka kwa kasi. Mwanamke yule hakumuomba kitu.

Wakamrudisha thieta mbio. Mishono ya ndani ilikuwa imekatika.

Daktari Taratibu hakuingia naye, mwenzake ndiye aliyeingia. Yeye alikaa koridoni akishonwa nyusi, mdomo umevimba kama andazi. Sista alikaa jirani na pamba mbili puani. Mama Mashuka alikuwa amefungwa kifua kwa bendeji pana, kila pumzi ni msumari.

"Hiyo mitambo yako ya sauti itupwe," Sista alisema kwa sauti ya puani. "Mimi nilikuwa na pua nzuri, watu walikuwa wanaisifia."

"Sauti haina kosa," daktari alisema. Akachukua karatasi za uchunguzi wake, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu, akisoma anapoandika: "Mgonjwa aulizwe akiwa peke yake. Ajibu mwenyewe." Kalamu ikasimama. "Tulimuuliza mbele ya aliyempiga. Mimi ndiye niliyeiandaa karatasi hii, na sikuliwaza hilo."

"Mimi ndiye niliyemjibia," Mama Mashuka alisema.

Daktari akaifunika kalamu.

"Huyu ameshatoka kwenye uchunguzi," daktari aliendelea. "Lakini atazinduka tena baada ya saa moja na nusu, na kitu cha mwisho alichosikia ni yule mtu. Akizinduka hivyo tena, tumbo lile halitastahimili. Nataka asikie mtu mwingine kabla hajafungua macho. Ana mtu?"

Mama Mashuka alifikiri. Mama mzazi wa wifi amefariki. Ndugu zake wako mbali, na namba zao za simu mumewe alizifuta zamani.

"Nitasema mimi. Lakini nipeni muda. Kuna kitu sina budi kukifanya kwanza, nisije nikamdanganya."

Akajishika ukuta, akaenda kwenye chumba cha walinzi.

Askari wawili walikuwa wamefika. Mdogo wake alikaa chini, goti limefungwa kitambaa, mkono mzima umefungwa pingu kwenye mguu wa meza. Askari mwenye kalamu alisema habari iko wazi: mume ameingiwa na hofu kuona mkewe anapiga kelele, akafanya fujo hospitalini. Atatibiwa, ataonywa, jioni au kesho atarudi kwake. Mke ataruhusiwa akipona.

"Arudi wapi?" Mama Mashuka aliuliza.

"Kwa mumewe, mama. Wewe ni nani wake?"

"Huyu ni mdogo wangu, nimemlea mgongoni. Andika."

Akasema yote. Alisema ngazi tatu za barazani. Alisema jicho la wifi lililovimba mwaka juzi, likasemekana limegonga mlango. Alisema kapeti na ndoo.

"Uliona akimpiga?"

"Niliona maji yana damu. Nikayapiga deki."

"Mbona hukusema?"

"Si nakwambia nilikuwa napiga deki?"

Askari aliacha kuandika akamtazama, halafu akaandika hivyohivyo.

"Mama angekuwa hai angekulaani," mdogo wake alisema kwa sauti ya chini.

"Mama angekuwa hai ningempeleka akaone tumbo la wifi." Sauti yake ilikatika, akaisubiri irudi. "Nitakuombea kila siku. Lakini hutanitumia tena."

Alisomewa maandishi, akamwambia askari amsomee tena, pole pole, kisha akaweka sahihi yake ya shule ya msingi, herufi moja moja.

Kurekodi kulimshinda mara tatu. Mara ya kwanza alilia. Mara ya pili akajikuta anasema amka, akamwambia Sista afute upesi. Mara ya tatu mbavu zilimkata pumzi. Mara ya nne ikakaa: "Wifi, ni mimi. Uko hospitali. Mlango umefungwa, kuna mlinzi. Yeye yuko kwa askari, mimi ndiye niliyemshtaki. Hapa hakuna maji. Lala mpaka utakapotaka mwenyewe."

Saa kumi na moja wakamleta tena kitanda cha nne. Spika zikavalishwa. Mashine ikapanda: tisini, mia na tano. Sista akarudi nyuma hatua mbili, mkono puani. Mkono mzima wa wifi ukaruka, ukampiga Mama Mashuka palepale penye mbavu zilizovunjika, giza likamjia machoni. Hakuushika mkono ule. Ukabaki hapo ubavuni, umekamata gauni. Mashine ikasita kwenye mia, ikaanza kushuka.

Baadaye macho yakafunguka. Yalikwenda mlangoni, yakamwona mlinzi, yakarudi. Midomo ilikuwa imekauka mpaka imepasuka.

Kwa wagonjwa wengine wote Mama Mashuka alikuwa akilowesha pamba na kuwapangusa bila kuuliza. Safari hii alisimama na pamba mkononi, mbali na uso.

"Wifi, midomo yako imekauka. Hii pamba ina maji kidogo. Nikuguse?"

Wifi aliitazama pamba. Tone moja lilidondoka kwenye shuka, akalifuata kwa macho mpaka likazama.

"Siku ile," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "nilikuwa chumbani sakafuni. Nilikusikia ukipiga deki. Ulikuwa unaimba."

Mama Mashuka hakusema, "Nilidhani ni bomba." Hakusema samahani pia, maana neno lilikuwa dogo kwa mahali pale.

"Nilikuwa naimba," alisema.

Mashine ilihesabu. Kisha wifi akaachia gauni, akanyoosha mkono mzima, akaichukua pamba, na polepole, mwenyewe, akajipangusa midomo.